Kujitolea India kwa wanawake wa vijijini: kwa nini nilipe ili nifanye kazi ya bure?

#1 Bint Mokowe

Asalaam aleikum wanabaraza.

Mimi ni mshoni, niko Mokowe, mwaka wa tisa huu nashona: madera, sare za shule, mabuibui. Jioni baada ya alasiri nafunza wasichana wanne hapa barazani kwetu. Mwezi uliopita nimepata barua kutoka kituo kimoja cha India ya kati. Wanawake wa vijijini huja wakakaa bweni miezi sita, wakafunzwa kushona, kusoma na kuandika, mambo ya afya na kilimo kidogo, kisha wakarudi makwao. Walikuwa wakitafuta mtu wa kujitolea miezi mitatu upande wa cherehani. Niliandika, wakanikubali. Nilifurahi hata nikalia.

Ukurasa wa pili wa barua ndio ulionirudisha chini. Nauli juu yangu, viza juu yangu, na kila wiki nitoe mchango wa chakula na malazi. Nimepiga hesabu: ni pesa ninazoingiza mwezi wa Idi na mwezi wa kufungua shule zikiwekwa pamoja. Mamangu kasema neno moja tu, "Mtu hulipa ili atumwe?" Sikuwa na jibu.

Wenye kujua nijibuni. Kwa nini anayejitolea alipe? Na je, niende?

#2 Nahodha Mstaafu

Waleikum salaam mwanangu. Mamako kauliza swali la haki. Zamani wazee wetu walikwenda Bombay na kusi wakarudi na kaskazi, na hakuna aliyekwenda mikono mitupu akarudi mikono mitupu. Ulikwenda na boriti, ukarudi na nguo. Wewe utarudi na nini? Ukinijibu hilo nitakupa dua njia nzima.

#3 Kaka wa Watamu

Usiende dada. Nimeendesha gari la wageni miaka saba baina ya Malindi na Watamu, nawajua volontia ndani nje. Wanalipa pesa nyingi huko kwao Ulaya kwa wakala, na huku kijijini kinachofika ni kidogo mno. Mgeni mmoja alinionyesha risiti yake kwenye gari, nikamwambia kwa pesa hizo shule aliyokuwa akiijenga ingemaliza paa na vyoo. Alinyamaza mpaka tukafika. Malipo ni ya wakala, hiyo ndiyo sababu, nyingine mtaambiwa tu.

#4 Mwalimu wa Faza

#3, hayo ya wakala ni kweli, lakini Bint Mokowe hakusema ana wakala. Kasema barua imetoka kituoni. Ni mambo mawili tofauti.

India vituo vya namna hii ni vya siku nyingi na vina historia yake. Indore, jimbo la Madhya Pradesh, iko taasisi ya Barli, ilianza 1985 chini ya jamii ya Wabaha'i, inafunza wanawake wa makabila ya vijijini, wengi wao Wabhil. Neno barli kwa lugha yao ni nguzo ya kati inayobeba nyumba. Vijiji vya wilaya ya Jhabua vilikuwa na mnyoo wa Guinea, ule unaotoka mguuni kama uzi. Wanawake waliopita pale walirudi wakafunza watu wao kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa, na 1992 taasisi ikapata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. India yote ikatangazwa haina mnyoo huo mwaka 2000. Kitambaa tu, na mwanamke wa kuwaambia jirani zake.

Kwa hivyo tusiseme vyote ni biashara. Kituo kinacholisha wanawake mia bure hakina fungu la kukulisha wewe, ndiyo maana wakakwambia uchangie.

#5 Chama cha Shela

Mimi nafikiri wanatoza ili wapate watu wa kweli. Kitu cha bure kila mtu hujiandikisha, siku ya safari hawaonekani. Tumefanya mafunzo ya bure hapa Shela, walijiandikisha thelathini wakaja saba. Tulipoweka shilingi mia mbili za kujiandikisha walikuja ishirini na wawili, na wote wakamaliza.

#6 Kaka wa Watamu

#5 shilingi mia mbili na mapato ya miezi miwili si kitu kimoja. Mwenye pesa asiyejua sindano atakwenda, na mshoni wa Mokowe atabaki. Huo mchujo unamchuja nani?

#7 Chama cha Shela

Hapo umesema kweli, sina la kukujibu.

#8 Somo wa Siyu

Nimesikia iko chuo ya Wahindi inafunza manyanya wasiojua kusoma kutengeneza umeme wa jua, na hata mabibi wa Afrika hupelekwa na wala hawalipi hata senti. Yule mama mwanzilishi, Ela Bhatt. Bint Mokowe, kwa nini usitafute hiyo?

#9 Mwalimu wa Faza

Somo, umechanganya wawili, na ni rahisi kuwachanganya kwa kuwa vyote vilianza 1972. Ela Bhatt, Mungu ampe malipo mema, ndiye aliyeasisi SEWA kule Ahmedabad, chama cha wanawake wanaojiajiri wenyewe. Hicho cha manyanya ni Barefoot College, kijiji cha Tilonia, Rajasthan, na mwanzilishi ni mwanamume, Bunker Roy. Na wasiolipa ni wanafunzi. Serikali ya India ndiyo iliyokuwa ikiwagharamia hao wa nje, nauli na kila kitu, miezi sita. Anayekwenda kujitolea ni habari nyingine.

Jirani zetu Zanzibar wana tawi lake, Kinyasini, Unguja. Ukitaka kuona kwa macho kabla ya kupanda ndege, ni karibu kuliko India.

#10 Fundi Sola Witu

Nyongeza kwa #9. Tilonia hufunza kwa rangi na ishara. Mama wa Kenya anakaa na mama wa Guatemala meza moja, hakuna lugha inayowakutanisha. Vifaa hupangwa kwa rangi, kila mmoja hukumbuka rangi na umbo, mikono inafuata. Miezi sita anarudi anajua kuunga saketi ya taa na kuitengeneza ikiharibika.

Na Bunker Roy alieleza kwa nini anachagua wanawake wa makamo: kijana wa kiume ukimpa cheti anakimbilia mjini kutafuta kazi, nyanya anabaki kijijini. Sisi tuliofunza vijana hapa Witu tunajua. Niliofunza mimi watano, wanne wako Mombasa.

#11 Kijana wa Mpeketoni

#10 huo ni uonevu kwa vijana. Tunakimbilia mjini kwa sababu hapa hakuna wa kutulipa. Lipeni muone kama hatubaki.

#12 Fundi Sola Witu

Ndugu yangu, sikukulaumu. Wa tano aliyebaki namlipa mimi.

#13 Ukili wa Matondoni

Salaam. Nimesoma yote kimya, lakini la kulipa nalijua kwa mwili wangu, maana nimekwenda. Mwezi mmoja, kituo cha wanawake India, sitakitaja. Nililipa kila wiki kama Bint Mokowe.

Nilipofika nilipewa msichana wa kutembea na mimi, kama umri wa miaka kumi na tisa hivi, mwanafunzi wa palepale. Alikuwa na Kiingereza kidogo cha shule na Kihindi, na Kibhil ndiyo lugha ya mamake. Kila nilichosema akakigeuza, kila walichonambia akanirudishia. Niliona ni neema tu. Usiku wa kumi na moja nikaamka kwenda chooni, nikamkuta ukumbini peke yake chini ya taa ya sola, anatia vishikizo kwenye blauzi. Wenzake wote walikuwa wamelala. Nikamuuliza kwa ishara, mbona sasa? Akanionyesha meza ya mwalimu: kesho ni siku ya kukaguliwa. Mchana wote alikuwa ulimi wangu, kazi yake mwenyewe alibakiwa na usiku.

Nilikwenda kwa msimamizi asubuhi yake, nikauliza mchango wangu wa kila wiki unampa huyu nini. Nikaambiwa unaingia jikoni. Chakula nilikila kweli, sisemi niliibiwa. Lakini gharama yangu kubwa pale haikuwa dengu na chapati. Ilikuwa siku za yule mtoto, na hizo hakuna aliyezihesabu.

Basi jibu langu kwa mamako, Bint Mokowe: ndiyo, mgeni alipe, kwa sababu mgeni hugharimu. Uliza tu anayegharimika ni nani, na pesa ziende kwake.

#14 Bint Mokowe

Ukili, umenichoma. Hili sikulifikiria kabisa. Nitawaandikia leo niulize nani atakuwa mkalimani na kama ana masomo yake.

#15 Nahodha Mstaafu

#13 mwanangu, je, ulirudi na nini?

#16 Ukili wa Matondoni

Mzee, nilikwenda kufunza mkoba wa ukindu wenye zipu. Nikakuta wao wana khajur, mtende-mwitu wao, ndugu wa mkindu wetu, na majani yake wanafungia fagio. Nikaanza ukili, yaani msuko, wa miyaa mitano, vidole vyao vikashika siku ileile. Siku ya pili mama mmoja akanipita kwa kasi. Na wao wakanifunza kukata blauzi kwa gazeti: wanakupima kwa uzi wenye mafundo, kila fundo ni mahali pa mwili, kisha uzi unalazwa juu ya gazeti na mkasi unapita. Mshoni asiyejua tarakimu anakukata nguo ikakukaa. Nimerudi na huo uzi, na hapa Matondoni wamama watatu wanautumia.

#17 Somo wa Siyu

Ukindu ni wa mkindu, miyaa ni ya mkoma. Usiwachanganye watoto wa siku hizi ndugu yangu, mwisho watatuuzia mkeka wa miyaa kwa bei ya ukindu.

#18 Ukili wa Matondoni

Kweli, Somo. Mkoba ulikuwa wa ukindu. "Miyaa" nimeandika kwa mazoea ya mdomo.

#19 Karani wa Malindi

Habari za usiku. Kuna jambo limepita hapa bila mtu kuligusa na ndilo litakalomrudisha uwanja wa ndege: viza.

Bint Mokowe, miezi mitatu unakwenda kwa viza gani? Viza ya utalii ya India inayoombwa mtandaoni inaruhusu kujitolea kwa muda mfupi usiozidi mwezi mmoja, na bila malipo yoyote. Zaidi ya hapo lazima uwaulize ubalozi wao wakupe aina inayofaa, na kituo kikupe barua rasmi. Ukili wa Matondoni alikuwa ndani ya mwezi, alikuwa salama.

La pili, cheti cha homa ya manjano. Sisi tukitoka Kenya tunaulizwa. Sindano ichomwe angalau siku kumi kabla ya kufika, na tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, hutachomwa tena.

#20 Kaka wa Watamu

Nina rafiki alikaa miezi minne na viza ya utalii akifunza kompyuta, hakuulizwa chochote.

#21 Karani wa Malindi

Kutoulizwa si kuruhusiwa. Akikamatwa mmoja, kituo kizima kinaingia matatani na wale wanawake ndio wanaofungiwa mlango. Tafadhali tusipeane ushauri huo hapa.

#22 Mtu wa Langoni

Asalaam aleikum. Nasema kwa mapenzi, si kwa kumkataza mtu. Mwanamke kusafiri masafa hayo peke yake ni jambo wanavyuoni wamelizungumza, na wako waliosisitiza mahram, yaani ndugu wa kiume wa kumsindikiza, na wako walioruhusu panapokuwa na amani ya njia na wenzake wa kuaminika. Binti amuulize mwalimu anayemwamini, na mamake amridhie. Halafu tuangalie na hatari ya dunia: tumewazika na kuwalilia wasichana wa pwani waliokwenda nje kwa ahadi nzuri. Yeyote atakayetaka kukushikia pasipoti, mkimbie.

#23 Bint Mokowe

Shukran ustadh. Mama bado hajaridhia na siendi bila radhi yake. Pasipoti yangu haitoki mkononi, hilo nakuahidi.

#24 Tewa wa Nazi

Mimi swali langu ni moja: kituo kile wanakula samaki? Mtu wa Lamu miezi mitatu bila tewa wa kupaka? Hata hiyo sindano ataishika kwa nguvu gani?

#25 Ukili wa Matondoni

Hawali nyama wala samaki. Wiki ya tatu niliota harufu ya papa wa kuchoma, wallahi. Lakini dengu yao utaipenda, na chai yao ina tangawizi kama yetu. Kihindi nacho kitakuja tu: duka wanasema dukan, kitabu kitab, sabuni sabun, rangi rang, na dunia ni dunia.

#26 Mwalimu wa Faza

Na hiyo cherehani yako, Bint Mokowe, ni ndugu wa charkha, gurudumu lao la kusokota uzi. Neno limekuja kwetu na jahazi. Lakini kumbuka alivyosema #13, vijijini ni Kibhil, si Kihindi. Usitegemee dukan na sabun kukuvusha.

#27 Fundi Sola Witu

Jikoni pia utazame. Vituo vingi vya India wanapika kwa sahani kubwa za vioo zinazofuata jua, mwanga unatupwa ukutani ndani ya jiko, sufuria inachemka bila kuni. Hiyo ni akili ya Wahindi, sisi tunaendelea kukata mikoko.

#28 Mwalimu wa Faza

Fundi, nakurekebisha kwa heshima. Sahani hizo zinaitwa kwa jina la aliyezibuni, Wolfgang Scheffler, na ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa aliijenga 1986 kwenye misheni kaskazini ya Kenya hii yetu. Barli wanazitumia jikoni kwao. Kitu kilianza nchi kavu ya kwetu, kikakulia India.

#29 Fundi Sola Witu

Subhanallah. Miaka kumi na mitano niko kwenye sola, hili silijui. Kwa nini basi kwetu hakikuenea?

#30 Chama cha Shela

Bei ya vioo na chuma, na chumvi ya bahari ingekila mwaka mmoja.

#31 Kijana wa Mpeketoni

Au kwa sababu hakuna kituo kilichofunza watu kuzitengeneza. India walifunza wachomeleaji wa vijijini.

#32 Somo wa Siyu

Au kwa sababu mpishi wa huku hupika jioni na alfajiri, na jua halipo. Ramadhani daku utapika kwa jua gani?

#33 Fundi Cherehani Malindi

Nimechelewa, nilikuwa na mashine ya mtu. Turudini kwa cherehani.

Kijiji kimoja cha wavuvi kusini ya Malindi mgeni aliwaletea kinamama mashine nane za mguu. Alikaa miezi miwili, akawafunza mifuko ya kitenge, picha zikapigwa, akaenda zake. Alikuwa mtu mwema, bado huwasalimia kwa simu. Miaka miwili baadaye niliitwa "zimekufa zote". Nikaenda na begi langu. Nane nilizipanga ukutani nikaanza moja moja. Sita kati ya hizo zilikuwa na sindano iliyotiwa kinyume. Sindano ya mashine ina upande bapa, na kila mashine ina upande ambao ule ubapa hutazama. Ukiigeuza, mashine inaruka, halafu inakata uzi. Mama mmoja alibadilisha sindano iliyovunjika, akaitia kinyume, wenzake wakamwiga. Mbili zilizobaki mikanda ililegea kwa unyevu. Ilikuwa kazi ya alasiri moja. Walikuwa wamekaa miaka miwili bila kushona, na mmoja wao alishamaliza kuuza kuku wake ili anunue mashine nyingine.

Aliwafunza mifuko. Hakuwafunza mashine, labda kwa sababu hata yeye hakuijua, labda alidhani yupo fundi karibu. Mimi nipo, lakini nauli yangu kwao ilikuwa mlima.

Bint Mokowe, waulize: mashine zao ni za mguu au za umeme? Ngapi zinafanya kazi? Nani anazitengeneza?

#34 Kaka wa Watamu

Hii ndiyo hoja yangu yote tangu #3, ila umeisema vizuri zaidi yangu.

#35 Chama cha Shela

Hapana, #34. Wewe ulisema tatizo ni pesa za wakala. Fundi anasema tatizo ni mgeni kutojua chombo. Hapakuwa na wakala pale.

#36 Ukili wa Matondoni

Na mimi naona tatizo ni la tatu. Hakuna aliyewauliza wale mama wanataka nini. Pengine hawakutaka mifuko.

#37 Fundi Cherehani Malindi

Mifuko waliitaka, niliwauliza. Walitaka pia sare za shule, maana wanunuzi wake wako palepale.

#38 Bint Mokowe

Wamenijibu usiku huu. Naandika mikono inatetemeka.

Mashine ni za mguu, kumi na nne. Zinazofanya kazi ni tisa. Fundi huja kutoka mjini mara moja kwa miezi miwili, na akija huchukua nyingine kwenda nazo. Mkalimani atakuwa mwanafunzi wa mwaka jana ambaye ameshamaliza. Nimeomba mchango wangu wa wiki mbili alipwe yeye, wamesema watalizungumza kwenye kikao. Viza, wamesema wengi huja kwa mwezi mmoja, wale wa miezi mitatu huwapa barua. Nimeamua kuomba mwezi mmoja kwanza.

Nilimsomea mamangu post ya #33 yote, kwa sauti. Kasema, "Hizo tano zilizokufa, wewe waweza kuzifufua?" Nikamwambia mashine yangu naijua, ya mtu sijui. Hakunijibu, lakini leo kanitolea sanduku la marehemu babangu lenye bisibisi na chupa ya mafuta.

#39 Nahodha Mstaafu

Sasa naona shehena. Dua yangu unayo.

#40 Kaka wa Watamu

Mimi bado sikubali mtu wa hali yako alipe. Lakini nitakupeleka kutoka Malindi mpaka Mombasa bure, nipe tarehe tu.

#41 Fundi Cherehani Malindi

Kabla ya ndege pita kwangu siku mbili, ulale kwa mke wangu na wanangu. Nina mashine za mguu tatu za aina zinazotoka India, zote mbovu kwa namna tofauti. Utazifungua mpaka skrubu ya mwisho na kuzirudisha wewe mwenyewe, mimi nitakaa nimefunga mikono. Njoo na sindano namba kumi na sita pakiti mbili, na kitambaa cheupe cha kutandika chini ili skrubu zisipotee.

#42 Bint Mokowe

Jumanne nitapanda basi la asubuhi. Wanafunzi wangu wawili wanataka kuja nami kwako, waje?

#43 Fundi Cherehani Malindi

Waje wote wanne.